Zulia la Juu ya Mlango wa Maftuha

Miaka tisa nimetembeza wageni kwa miguu ndani ya kuta za mji wetu wa kale wa Harar, Ethiopia, na kituo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa nyumba ya jirani yetu Maftuha. Wageni huvua viatu, hustaajabia vikapu vilivyojaa ukutani, kisha nawaonyesha zulia lililokunjwa juu ya mlango. Kwetu, zulia likikaa pale, ndani kuna binti hajaolewa. Akiolewa linashushwa.

Hapo ndipo nilipotia chumvi yangu. "Hilo lina umri kunizidi," niliwaambia kwa Kiingereza. "Kila siku najiuliza litashuka lini. Kama kuna bwana hajaoa, asivae tena viatu, abaki hapa hapa!" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Maftuha, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, alikuwa kando akisuka kikapu, kichwa ameinamisha, anatabasamu. Nilijiambia haelewi. Nilijiambia hivyo miaka tisa.

Wala si kwamba sikumjua. Mchumba alikuja, Maftuha akamkataa, maana mama yake alikuwa amepooza na hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Mama yangu mimi alipofariki, siku arobaini chakula chetu kilitoka jikoni kwa Maftuha. Nilikula, nikashiba, nikakua, nikamfanya kichekesho.

Jumanne moja nikatoa mzaha wangu kama kawaida. Mama mmoja mgeni hakucheka. Akauliza, "Anaitwa nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Maftuha akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka: "Naitwa Maftuha. Karibu sana."

Wageni walipotoka nilibaki mlangoni, viatu mkononi.

"Dada Maftuha, kumbe unaelewa?"

"We Remzi! Miaka tisa ya wageni, hata paka wa nyumba hii anajua Kiingereza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilisema, huyu nimemlisha mwenyewe, ipo siku ataona haya." Akavuta unyasi, akaukaza. "Zulia lile alilikunja mama, wiki moja kabla hajapooza. Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Alipofariki nilikosa moyo wa kuligusa. Basi. Hakuna bwana ninayemngoja."

Nilipaswa kuomba radhi. Badala yake nikasema wageni wananisubiri, nikatoka mbio. Hilo nalo linaniumiza mpaka leo.

Siku tatu niliwapitisha wageni mtaa wa mafundi cherehani, nikisingizia kuna kivuli. Siku ya nne nikaenda peke yangu na kilo ya buni. Nilivua viatu, nikainua macho. Juu ya mlango palikuwa patupu. Zulia lilikuwa limetandikwa ndani, jekundu, mikunjo yake bado imekakamaa, na birika la kahawa liko pembeni.

"Dada, nisamehe," nikasema. "Lakini umelishusha kwa nini?"

"Si kila siku ulikuwa unajiuliza litashuka lini?" Akamimina kikombe, akakiweka katikati ya zulia. "Haya, limeshuka. Kaa."

Nikakaa kwenye sakafu tupu. Kahawa ikapoa pale ilipo, maana kuifikia ningelazimika kuikanyaga mikunjo ya mama yake.