Shata Lilipofungwa Asubuhi ya Pambano

Sizipendi ngumi za ndani ya uzio, zile ambazo mtu keshaanguka chini na mwenzake anamfuata hukohuko kumwongeza. Mambo hayo nilishayaona mtaani bure, sina haja ya kuyatafuta kwenye runinga. Lakini Jumapili ile saluni yetu ya Doornfontein ilijaa tangu asubuhi. Nasema yetu, ingawa mimi nina kona moja tu na cherehani yangu. Kwingine kote ni kwa dada wa Kikongo, msusi. Bingwa wa hapa Afrika Kusini alikuwa anautetea mkanda wake ng'ambo, na saa za huko zilituangukia sisi kabla ya ibada. Wanawake walikuja kusukwa, waume zao wakaja kutazama, na wote walimshangilia bingwa kama mtoto wa shangazi yao. Mume wa dada alikuwa amelivuta pambano kwa intaneti ya simu yake, akalirusha kwenye runinga ya saluni.

Bingwa alikuwa anapigwa vibaya. Baa ya upande wa pili wa barabara, yenye dishi lake, ilikuwa kimya kama msibani. Nikamwacha binti yangu kwenye benchi, nikatoka kununua mkate na maziwa kwenye spaza, kiduka cha pale kwenye robot, taa za barabarani.

Narudi, mkate kwapani, nikasikia mngurumo. Wanaume wakamwagika kutoka baa, wanakimbia katikati ya barabara, wanapiga mbinja. Chupa ikapasuka. Pambano lilinitoka kabisa akilini. Nilijiambia leo ndiyo leo, wametujia tena.

Sisi wageni wa mtaa huu tuna kanuni yetu tangu wenyeji walipotuvunjia maduka. Ukisikia kelele, shusha shata kwanza, ule mlango wa chuma wa kukunja, kuuliza baadaye. Na aliyebaki nje asigonge. Apite kama mpita njia, asije akawaonyesha wageni walipo. Kanuni hiyo tuliiweka pamoja, mimi mwenyewe nikiwemo, na nilidhani naielewa.

Shata la saluni likashuka nikiwa hatua chache tu. Nilitakiwa kupita. Miguu ilikataa. Mtoto wangu yuko ndani, mimi niko nje, na wale watu wanakuja. Nikagonga, kwanza kwa vidole, kisha kwa kiganja, nikasema kwa sauti ya chini kwamba ni mimi, nifungulieni. Hakuna aliyejibu. Nikaita jina la mwanangu, naye kimya. Kimya chake ndicho kilichonitisha kuliko zile mbinja.

Mkono ukanigusa bega. Kijana mrefu, ananuka bia, jasho linamtiririka.

"Abavuli, mama?" aliniuliza kwa Kizulu. Hawafungui?

Sikuweza kujibu, maana lafudhi yangu ingeniuza. Nikatikisa kichwa. Basi yule kijana, kwa moyo wake mweupe, akaamua kunisaidia. Akalipiga shata kwa ngumi mbili mpaka vumbi likatoka juu yake. "Vulani!" alifoka, yaani fungueni. "Vulani!" Wenzake wawili wakaja, nao wakapiga, wanacheka. Nikaona chini ya shata vidole vikilivuta kwa nguvu zaidi ili lisiinuke. Nilifumba macho na kuomba wasimkute mtoto.

Kisha ndani wakapiga kelele, kelele ya furaha, hata sikuielewa. Shata likapanda. Kwenye runinga yao mpinzani wa bingwa ndiyo kwanza alikuwa anaanguka, teke la kichwa, chali. Intaneti ilikuwa nyuma ya dishi la baa karibu dakika nzima. Mtaa ulipolipuka, kwao watu wawili walikuwa bado wanazungukana, kwa hiyo walidhani kilekile nilichodhani mimi. Yule kijana akamkumbatia mume wa dada, akaniokotea mkate ulioniponyoka, akaniambia "sharp, mama", yaani poa, akaenda zake.

Dada alinivuta ndani. Kiganja chake kimoja kilikuwa chekundu kwa kulishikilia shata.

"Nilikusikia, mama," alisema. "Nilijua ni weye. Lakini nikasikia na ule kijana. Nikasema wameshakukamata, wanakutumia ili tufungule."

Nikamuuliza mbona binti yangu hakuniitika.

"Alitaka kuitika. Nilimuziba mdomo na mkono mwingine."

Mwanangu alikuwa kwenye benchi, ameduwaa, shavuni alama za vidole. Wanaume walikuwa wanarudia kulitazama lile teke, wanapigana mabega. Mimi nilikaa sakafuni. Nilielewa kwamba kwa ile dakika moja rafiki yangu alikuwa ameshanihesabu marehemu, na akachagua kumshikilia mtoto wangu. Nililia mbele ya watu bila aibu. Dada alidhani nina hasira naye, akaanza kuomba msamaha.

Nikaushika mkono wake, bado una mafuta ya nywele.

"Siku nyingine nikigonga," nilimwambia, "fanya hivyohivyo."