Kipsonoi Ulipofunika Magogo

Mume wangu alipenda njia. Wanaume wengine wa rika lake walipenda mpira au siasa; yeye alipenda kujua barabara fulani inatokea wapi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kapsoit, na likizo ikifika alitia mnyororo wa baiskeli yake grisi, akafunga chapati kwenye keria, halafu akaniuliza, "Twende?" Nilikuwa bado bibi arusi, sijajifunza kumkatalia.

Tulikuwa kioja. Miaka hiyo ya tisini mwanamke juu ya baiskeli huko mashambani alionekana kama mtu anayetoroka. Mimi ni mtoto wa mjini Kericho. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja kuuza nguo sokoni, na baiskeli nilifundishwa na kaka zangu nyuma ya maduka. Mume wangu ni Mkipsigis wa upande wa Bomet. Tukipita, wachumaji chai waliinua vichwa wakacheka, na siku moja mama mmoja aliniuliza kwa huruma kama bwana yangu amekosa nauli. Tulishafika Kiptere hivyo hivyo, tukanywa chai, tukarudi. Lakini kwa mama mkwe, Bomet, tulikuwa tunakwenda kwa gari kama watu wengine.

Likizo ya Aprili akasema kuna njia ya mkato ya kwenda huko kwa baiskeli. Unaacha lami, unapita katikati ya chai upande wa Mogogosiek, unateremka hadi mto Kipsonoi, unapanda ng'ambo ya pili. Aliipita zamani akiswaga ng'ombe.

"Kuna daraja?" nikamuuliza.

"Kuna magogo. Gari haliwezi kupita, lakini sisi si gari."

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Chai ilikuwa imekatwa sawasawa mlima baada ya mlima, na barabara nyekundu ilikuwa imekauka vizuri. Nilimfuata nyuma nikitazama shati lake likijaa upepo, nikajisikia mwenye bahati. Baada ya saa sita mbingu upande wa msitu wa Mau zikawa za kijivu, kisha nyeusi. Wachumaji wakaanza kukimbia na vikapu mgongoni. Hapo niliogopa, kwa sababu mtu aliyekulia Kericho anajua wachumaji hawakimbii mvua. Wanakimbia radi.

Hatukuwa na mahali pa kukimbilia. Hakukuwa na nyumba wala banda, ni chai tupu, na sisi ndio tuliokuwa warefu kuliko kila kitu.

"Tupa baiskeli!" akapiga kelele. "Ni chuma! Itupe!"

Nikaiachia palepale barabarani. Tukajipenyeza kati ya mistari ya michai tukachutama, magoti kifuani. Mvua ya mawe ikatuangukia. Alinifunika kichwa kwa koti lake na mawe yakampiga yeye mgongoni. Nilisikia kila moja likigonga mwili wake kama mtu anayepiga gunia. Radi ilipasuka karibu sana hata nikasikia harufu yake, kama ya kiberiti. Nilikuwa nimewahi kuona ng'ombe waliopigwa na radi chini ya mti mmoja, miguu imekakamaa, na sasa sikuweza kuwaondoa mbele ya macho yangu. Nilisali kwa Kikuyu. Yeye alisali kwa Kipsigis. Hakuna aliyesikia sala ya mwenzake.

Ilipokoma, barabara ilikuwa nyeupe. Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni ukafunika kila kitu.

"Turudi," nikamwambia.

"Kurudi ni mbali kuliko kwenda. Tukivuka tu kuna manyumba."

Mteremko wa kwenda mtoni ulikuwa umegeuka tope. Breki zangu zililoa zikakataa kushika, nikashuka nikaanza kuisukuma baiskeli, au tuseme yenyewe ilinivuta. Yeye hakushuka. Alitanua miguu pande zote mbili kama bata na kuteleza mbele.

"Nakungoja kwa mto!" akaniitia, na ukungu ukammeza.

Nilisikia mto kabla ya kuuona. Haukuwa na sauti ya maji. Ulikuwa na sauti ya lori lililokwama. Nilipofika chini, baiskeli yake ilikuwa imelazwa kwenye nyasi, chapati bado zimefungwa kwenye keria. Magogo hayakuonekana. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita juu yake. Yeye hakuwepo.

Nikajiambia amekwenda kujisaidia. Nikasimama, nimegeuka upande kwa adabu, kama mtu anayemngoja mwenzake aliyekwenda kujisaidia. Kisha nikaita jina lake. Nikaita tena. Nikatembea ukingoni kidogo nikaona kiatu chake kimenaswa kwenye tawi, katikati ya povu, kinapigwapigwa na maji.

Nikakaa kwenye tope. Sitasema uongo kwamba niliwaza mambo ya mapenzi. Niliwaza mama yake. Niliwaza jinsi nitakavyoingia uani kwake peke yangu, mimi mkwe wa kutoka mjini, niliyekuja na baiskeli, nimwambie mtoto wake ameachwa mtoni. Nilianza kutafuta maneno kwa Kipsigis changu kibovu, na sikujua hata neno la kuzama.

Sauti ikaniita kutoka ng'ambo. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, na mwanamke wa makamo alikuwa amesimama pale, gumbuti miguuni, mkebe wa maziwa mkononi. Alipiga kelele kwa Kipsigis, mto ukala maneno. Akajaribu Kiswahili.

"Iko mtu! Mtu ya maji! Tumetoa!"

"Yuko hai?"

Akaweka mkono sikioni.

"Yuko hai?" Nilipiga kelele hata koo likachubuka.

 Alinyoosha mkono kuelekea juu ya mto, akaanza kutembea, akinionyesha nimfuate kwa upande wangu. Nikaziacha baiskeli. Tulitembea hivyo, mto katikati yetu, nikipenya matete yaliyonikata mikono, nikimtazama usoni kila alipogeuka, nisome kitu. Uso wake haukuwa na kitu.

Mahali mto ulipobanwa na mawe palikuwa na mti mkubwa ulioanguka kutoka ukingo hadi ukingo. Nilifunga sketi kiunoni nikaukalia kama farasi, nikajivuta kwa mikono. Katikati nilifanya kosa la kutazama chini. Maji yalikwenda kasi hata nikaona kama ni mti unaokimbia pamoja nami. Nililaza shavu kwenye gome nikafumba macho. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi.

"Mama, angalia mimi!" yule mwanamke akasema. Sasa alikuwa karibu. "Usiangalie maji. Angalia mimi."

Nikamwangalia. Nikafika. Alinishika makwapani akanivuta kama mtoto, na nikamuuliza mara ya tatu.

"Mama, mume wangu yuko hai?"

"Twende tu," akasema.

Kwetu hakuna maneno mabaya kuliko hayo. Mtu haambiwi habari ya kifo njiani. Anaambiwa twende tu, na anatangulizwa, na anakuta watu wamejaa uani. Nilipanda kilima kile nikiwa mjane. Nakumbuka mambo madogo: kwamba mahindi ya watu yalikuwa yamechanwachanwa na mawe, kwamba yule mama hakumwaga hata tone la maziwa. Na kweli, tulipotokea kwenye boma, watu walikuwa wamejaa mlangoni. Wakanipisha.

Ndani, kando ya moto, alikuwa amekaa akiwa amefungwa blanketi, uso umechubuka upande mzima, meno yanagongana. Aliinua macho.

"Chapati zimelowa?" akauliza.

Nilimpiga kofi. Mbele ya wazee wa watu nilimpiga mume wangu kofi, kisha nikaanguka shingoni pake nikalia kwa sauti. Bibi kizee mmoja aliyekuwa akichochea moto akasema jambo kwa Kipsigis, wote wakacheka, na mimi sikutaka kutafsiriwa.

Baadaye nilielezwa. Alikuwa amevuka kwanza bila baiskeli kuyapima magogo, maji yakiwa bado kwenye vifundo vya miguu. Aliporudi kunichukua, maji yakapanda ghafla yakamng'oa. Yalimpeleka hadi kwenye kona, akanasa kwenye mizizi, na wanaume waliokuwa wakitafuta ndama aliyepotea wakamrushia kamba ya ng'ombe.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hakuniambia.

"Niliacha yeye akitapika maji, hajaongea," akasema. "Nikikuambia yuko hai, halafu tukute amekufa, utanichukia maisha yako yote."

Tulilala pale. Siku iliyofuata maji yalishuka, na wanaume wakatuvushia baiskeli. Mume wangu alikuja nami ukingoni kuzipokea, amevaa gumbuti za kuazima. Mto ulikuwa umetulia, magogo yanaonekana, mtoto angeweza kuvuka. Nikahisi kitu kinanivuta. Alikuwa ameshika mkono wa sweta yangu, na hakutaka kuuachia. Mtu huyu alikuwa hajawahi kuogopa njia yoyote. Kumwona hivyo kuliniogopesha kuliko kile kiatu, kwa sababu sasa kama kuna jambo lingetokea, ningekuwa peke yangu wa kujua la kufanya.

Tulisukuma baiskeli hadi lami. Hapo alijaribu kupanda, akaweka mguu kwenye pedali, akauondoa.

"Tutembee kidogo," akasema.

Tulitembea mpaka Bomet.