Babu Aliyebeba Pembe

Nyumbani kwetu Buyenzi, baba wa bibi yangu alikuwa mtu mkubwa. Nilimjua kabla sijajua kusoma: mfanyabiashara wa Bagamoyo, kanzu nyeupe, bunduki mkononi, aliyefika kwenye ziwa hili wakati mji wetu wa Bujumbura ulikuwa matete na viboko. Baba alisimulia habari zake kila Idi, na kila Idi msafara wake uliongezeka watu. Mpaka leo naukumbuka uongo ule kwa mapenzi.

Dada yangu alipoposwa, vita vya kikabila vilikuwa vimeshaingia mjini. Wageni walikuja mara baada ya adhuhuri ili wawahi kurudi kwao kabla njia hazijafungwa. Kwa desturi yetu, posa haisogei mpaka kila upande useme wazee wake walitoka wapi. Mjomba wa bwana harusi akatangulia kusema kwamba wao huoa kwa watu wa pwani tu. Baba akajiweka sawa, akaanza na Bagamoyo. Nyuma ya pazia dada alinibana mkono hadi ukaniuma; alimpenda sana mchumba wake, yule fundi wa magari.

Bibi akamkatiza baba.

"Apana. Baba yangu hakuona pwani hata siku moja. Alitoka ng'ambo ya ziwa, Manyema, na pembe ya ndovu ya tajiri kwa bega. Mi ndiye nilikuwa namukanda na mafuta ya mawese." Akagusa bega lake. "Nundu ilikuwa kama ngumi."

Baba akamsihi kwa sauti ya chini anyamaze. Hakunyamaza. Alisema huko nje watu wanaulizana babu zao ndipo waamue nani aishi, na yeye hatamwoza mjukuu wake kwa swali hilohilo.

Mjomba akautazama mkeka. Aliyecheka kwanza ni shangazi wa bwana harusi.

"Basi, dada, labda babu yetu alishika ncha ya pili ya pembe ile. Na yeye alikuwa na nundu. Sisi walituambia ni risasi."

Ndoa ikafungwa mwezi uleule.

Idi iliyofuata, baba alimwomba bibi asimulie yeye. Bibi alijua machache: kiu ya njiani, uzito wa pembe, na wimbo wa lugha ambayo hakuna kwetu aliyeielewa. Jina la kijiji cha baba yake hakulijua. Baba alikuwa akiuliza, akiuliza tena, kama mtoto, mpaka ndagala, dagaa wa ziwa letu, zikaungua jikoni.