Mfupa Haukungoja Treni

Mama alianguka na pikipiki kwenye matope kati ya Kabambare na Kasongo, mguu ukavunjika chini ya goti. Muuguzi aliyempokea Kasongo aliugusa, akatikisa kichwa. Mfupa umepishana, alisema, unahitaji kupasuliwa na kuwekewa chuma, na kazi hiyo inafanyika Lubumbashi. Ndege hatukuiweza. Juu ya pikipiki mama hakuweza kukaa. Ilibaki treni, kwa sababu ndani ya treni mtu anaweza kulala.

Treni naijua. Ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu na kunirudisha, na miaka yote ile ilinibebea mchele wa mama na mafuta yake ya mawese, mizigo ambayo hakuna pikipiki ingeifikisha. Bila treni nisingesoma. Nalisema hili mapema ili nisidhaniwe naichukia bure.

Lakini reli haifiki Kasongo. Tulimlaza mama juu ya magunia ya lori, tukafika gare, kituo cha treni, jioni, tukatandika godoro barazani katikati ya abiria wengine. Baadhi yao walikuwa wamengoja mpaka wakapanda mboga ya lengalenga nyuma ya jengo, na walikuwa wanachuma.

"Treni iko wapi?" nilimuuliza shefu wa gare.

"Iko Kibombo."

Kesho yake pia ilikuwa Kibombo. Wiki iliyofuata injini ilikuwa imeharibika, halafu daraja, halafu ilikosa mafuta, halafu Kibombo tena. Nilimuuliza nani amemwambia. "Wamesema," akajibu. Akina nani? nikamuuliza. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza nani ananyeshesha mvua.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda Kongolo kununua samaki wa kuuza alinionea huruma.

"Mutoto, acha maulizo. Treni iko kama bwana yangu: salamu zinafika, yeye mwenyewe hafiki."

Baraza zima likacheka. Mama naye akacheka, halafu akaushika mguu.

Mwanamke huyohuyo ndiye aliyekata vipande vya mianzi akaufunga mguu kwa kamba za mgomba. "Ni ya muda tu, mpaka treni ifike," alisema. Nilikubali. Niliona kitu cha muda hakiwezi kudhuru.

Mwezi ukapita, na mwingine ukaelekea kwisha. Uvimbe ulishuka. Mama alianza kulala usingizi mzuri, na kila mtu alifurahi isipokuwa mimi, maana nilielewa kinachotokea ndani ya ile mianzi. Mfupa ulikuwa unaungana vilevile ulivyokuwa, umepishana.

Siku honi ilipolia, watu walikimbia na mabeseni, kuku na magodoro. Mimi niliingia kwa dirisha, nikashika nafasi, nikageuka kumwita mama. Alikuwa amesimama. Amesimama peke yake, na fimbo, mguu mmoja mfupi, wayo umetazama nje.

"Muone! Mama anatembea!" Muuza samaki akapiga vigelegele. Wengine wakamshukuru Mungu, Wakristo na Waislamu pamoja.

"Panda, mama," nilisema. "Daktari atauvunja tena aupange vizuri."

"Avunje tena?" Alisogea mpaka chini ya dirisha. "Na kurudi, nitarudi na nini?"

"Na treni."

Alinitazama bila hasira. Hata mimi nilisikia nilichosema.

"Shuka, mwanangu. Shamba limeshaota majani."

Nilishuka kwa dirisha lilelile, kwa sababu mlangoni watu walikuwa bado wanasukumana. Treni iliondoka imejaa mpaka juu ya mabehewa. Sisi tulirudi kwa pikipiki, mama amekaa upande, mguu umenyooka hewani kwa kuwa goti halikukubali tena kukunjwa.

Sasa analima akiwa ameketi chini, akijisogeza tuta kwa tuta. Majirani wakimuuliza kama treni ilimsaidia, anawajibu ndiyo, alipona akiwa anaingoja. Nao wanaitikia, wanafurahi naye. Mimi huondoka kabla hawajamaliza.