Jina la Mzee Bihizi Lipo, Sauti Haipo

Chekeni mapema, maana huko mbele hakuna kicheko. Mimi, ninayejiita fundi wa video hapa Rulenge (kibao nilikiandika mwenyewe, herufi zimepinda), nilimtoa mjane nyumbani kwake bila kumgusa, na aibu hiyo natembea nayo mpaka leo.

Kazi yangu ni kurekodi harusi, komunyo na misiba. Video ni nzito na kompyuta yangu ni ndogo, kwa hiyo natumia mfumo wa waandishi wa programu wa kutunza matoleo ya kazi zao, ambao hukumbuka majina ya video zote, hata kama video yenyewe iko kwenye diski ya pembeni. Tatizo ni kwamba majina ya zisizokuwepo yalinijazia skrini, mekundu, ukibofya hayafunguki, na mimi nachukia vurugu. Basi nikatengeneza kile wanachokiita tawi, yaani orodha ya pili ya majina yaleyale, la kubadili mwonekano tu: zilizopo hapa zionekane, zisizokuwepo zifichwe. Skrini ikatakata, nikajipongeza kwa soda.

Mojawapo ya zilizofichwa ilikuwa ya Mzee Bihizi wa Nyakisasa. Aliniita akiwa hawezi tena kushika kalamu, akasema mbele ya kamera, mimi na mke wake Domina tukisikiliza, kwamba nyumba na shamba la migomba ni vya Domina mpaka afe, asisumbuliwe na mtu. (Hawakujaliwa mtoto, na Mzee aliwajua ndugu zake.) Alipofariki, ukoo ukakubaliana kwamba usia usikilizwe siku ya kuanua matanga, wazee wote wakiwepo.

Kabla ya siku hiyo nikapata harusi Nyakahura, na diski imejaa. Nikajiuliza, je, vilivyomo humu vyote ninavyo kwenye kompyuta? Nikakagua jina moja moja, na kila jina lililokuwa mbele yangu likafunguka. Lisifunguke kwa nini, na yasiyofunguka nilikuwa nimeyaficha mwenyewe! Mfumo ungenikatalia kufuta nakala ya mwisho, ila sikuupa nafasi ya kusema. Nikaifomati diski moja kwa moja, vyote vikafutika, nikaijaza harusi.

Siku ya matanga nikafika na projekta na spika, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, madirisha ya sebule yamefunikwa mablanketi, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Nikamwamkia Stefano, mdogo wake marehemu, "Shikamoo, baba," akaitikia "Marahaba" huku macho yake yako kwenye migomba. Nikawasha, nikatafuta jina, halipo. "Wazee, kidogo tu," nikasema, jasho linanitiririka, nikachomeka diski na kubofya cha kwanza nilichokiona, na spika zikalipuka vigelegele vya Nyakahura, bibi harusi anakata keki ukuta mzima, katika sebule ileile alipolazwa marehemu.

"Mawe we!" bibi mmoja akasema, akajifunika uso kwa kitenge. Nikachomoa waya.

Nikarudi kwenye tawi la zamani, lile la majina mekundu, na jina likatokea: usia wa Mzee Bihizi. Nilifurahi mpaka nikapaza sauti, "Hili hapa!" na watu wakakaa vizuri. Nikabofya. Hakuna kitu. Nikabofya tena, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba video yenyewe ilikuwa kwenye ile diski niliyoifomati.

Nikasimama nikasema nilimsikia kwa masikio yangu, alisema nyumba ni ya mama huyu. Stefano hakufoka (heri angefoka).

"Kijana, sauti ya kaka yangu umeipoteza wewe," akasema taratibu. "Sasa unataka tuchukue ya kwako?"

Wazee wakatazama chini. Domina akanishika mkono. "Deo mwanangu, tafuta tena." Nikatafuta, nikibofya huku na kule mbele ya ukoo mzima, nikijua hakuna kitu, kwa sababu nilikosa ujasiri wa kumwambia.

Ndizi za msimu ule alizikata Stefano. Domina alihamia kwa kaka yake upande wa Biharamulo na sanduku moja. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kumtetea, akanisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza ushahidi uko wapi.

Lile tawi la kuficha nimelifuta, na nimeapa kwamba kisichokuwepo kitabaki mbele ya macho yangu kinichome. Jina la Mzee bado liko pale, jekundu. Wateja wakiuliza, nasema ni kazi ya zamani.

Juzi nilikutana na Domina sokoni Nyakahura, amekonda. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, akanisogelea ili wenzake wasisikie.

"Deo, umeshaipata?"

Nikamwambia bado naitafuta.