Saluni Iliyokosa Madhabahu

Nianze kwa kujisifu, maana nikingoja kusifiwa na watu wa nyumba hii nitaota mvi hadi kwenye kope. Shule niliiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, hapo bado tunabishana. Lakini kitabu cha Kutoka nakijua kama mfuko wa suruali yangu. Ile hema ya kukutania ya kule jangwani, nipe mbao na turubai, nitakusimamishia chai yako haijapoa.

Kwa hiyo mpwa wangu msusi alipofungua saluni, nani aliipanga? Mimi hapa. Ukiingia unakutana na beseni la kuoshea nywele, juu yake vioo, maana birika la makuhani lilitengenezwa kwa vioo vya shaba vya akina mama. Kushoto taa, kulia kimeza cha mkate kwa mteja mwenye njaa. Nyuma kabisa, pazia la zambarau. Usitafute sanduku la agano huko. Kuna madebe ya dawa ya nywele na kigoda, na hapo ndipo mpwa wangu husali kabla ya kuanza kazi. Alipenda kusema kwamba kunawa ni sala, na kumkatia mtu kipande cha mkate ni sala pia.

Siku moja aliniita nikaikaze fimbo ya pazia iliyong'oka. Nikamkuta amenuna.

"Mjomba, siku hizi nikiingia humu naongea na madebe."

"Bora hayo, hayakujibu kwa jeuri."

"Sitanii. Ni tangu Sabuni aondoke."

Sabuni ni mdogo wake wa tumbo moja. Jina tulimpa kwa sababu ndiye aliyekuwa akiosha vichwa vya wateja, mikono povu kutwa. Kisha bibi harusi mmoja akaungua kichwa kwa dawa ya kulainisha nywele, nywele zikakatika kama nyuzi kuukuu, na msusi akamnyooshea mdogo wake kidole mbele ya saluni nzima: amechelewa kuosha! Tangu hapo hakuna saluni iliyomtaka. Kila alikobisha hodi, sifa yake ilishatangulia na kukaa kitako.

Nikapanda kwenye kigoda, msumari mdomoni. "Dawa ile aliichanganya nani?"

Akajibu kwa sauti ndogo: "Mimi. Niliizidisha. Sabuni hakuchelewa."

Nikautoa msumari mdomoni. Nikatazama pazia, taa, beseni, hadi mlangoni.

"Madhabahu," nikasema. "Ile ya mlangoni, unayoikuta kabla ya birika. Tumeiruka."

"Mjomba! Sadaka ilishatolewa msalabani. Au tuchinje mbuzi kwenye saluni?"

"Ilishatolewa, amina. Lakini mwenye kosa pale alifanya nini? Aliweka mkono juu ya kichwa cha mnyama, akakiri. Wewe mkono wako umeuweka juu ya kichwa cha mdogo wako. Na Sabuni si mwanakondoo, mama. Mwanakondoo ni mmoja tu."

Akazungusha kitana mkononi. "Nikisema, wateja watakimbia."

"Wacha wakimbie, ili mradi wana nywele."

Hakucheka.

Jumamosi saluni ilijaa. Mimi nilikuwa nalinda mkate, na ulinzi wenyewe ulishafika nusu ya mkate. Sabuni, aliyepigiwa simu na dada yake, akasimama mlangoni, mikono kifuani, kizingiti hataki kukivuka.

"Umeniita nije nisingiziwe nini leo?"

Msusi akaweka kitana chini, akamfuata pale pale. Sauti yake ilifika hadi kwa mama aliyekuwa chini ya kofia ya kukaushia.

"Jamani, aliyemchoma yule bibi harusi ni mimi. Dawa niliizidisha mimi, huyu nikamsingizia. Nisamehe, mdogo wangu."

Mteja mmoja akainuka na kichwa chake nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio, akatoka akisonya. Wengine wakabaki, macho yamewatoka.

"Siku ile ulinisema huku unanitazama kwenye kioo," Sabuni akasema. "Hata kugeuka hukugeuka."

"Kweli."

"Haya. Leo umegeuka." Akavuka kizingiti.

Msusi akamvutia kiti cha beseni, akakunja mikono ya gauni. "Kaa nikuoshe."

Sabuni akalaza kichwa, kisha akaruka. "We dada! Maji ya barafu haya! Hivi ndivyo unavyoosha watu tangu niondoke?"

"Basi nifundishe."

Yule wa kichwa nusu alikwenda kumaliziwa saluni nyingine. Huko wakamuuliza kulikoni, naye akaeleza, na hadi jioni mtaa mzima wa wasusi ulijua aliyechoma ni nani. Jumatatu wenye saluni wawili wakampigia Sabuni wakimtaka. Akawajibu wangoje kwanza, kuna mwanafunzi wake hajui kupasha maji.

Siku hizi asubuhi mpwa wangu husimama kidogo mlangoni kabla ya kwenda kunawa. Nyuma ya pazia mimi siingii. Lakini nikipita namsikia anaongea, na si sauti ya mtu anayeongea na madebe.