Aliyekwenda Kuchota Maji

Usiku ule nililala nimenuna. Nasema mapema ili nisije nikaonekana mcha Mungu: watu husimulia kwamba marehemu humjia mtu aliyetulia, aliyesali. Mimi sikusali. Nilikuwa nimetoka kugombana na baba yangu kwenye simu, nikaitupa simu kitandani, nikajifunika blanketi hadi kichwani bila hata kuvua soksi.

Tuligombania karatasi. Nina duka dogo la steshenari hapa Njombe, nachapa barua za watu na kutoa kopi, kwa hiyo ukoo ulipokubaliana kuyajengea makaburi ya babu na bibi, kazi ya kuandaa maandishi ya jiwe ikaniangukia mimi. Niliifanya kwa moyo wote. Nilizunguka kwa mashangazi na baba wadogo, nikaenda kanisani kupekua madaftari ya ubatizo, ingawa lile la zamani kabisa lilikuwa limeliwa na mchwa. Nikaandika nani kazaliwa na nani. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa kimoja. Bibi yangu aliitwa Agnesi, na mimi ndiye niliyerithi jina lake. Lakini maisha yake yote watu walimwita Mama Raheli. Babu alimwita hivyo, majirani walimwita hivyo, hata mchungaji alimtaja hivyo siku ya mazishi. Na katika watoto wake watano hakuna Raheli. Wa kwanza ni baba yangu, Yona. Kwa desturi yetu alipaswa kuitwa Mama Yona.

Nilipokuwa mdogo niliwahi kumuuliza mwenyewe. Alikuwa anamenya viazi.

"Bibi, Raheli ni nani?"

Hakuinua uso. "Amekwenda kuchota maji," akasema.

Nilikaa mlangoni jioni nzima kumsubiri huyo Raheli. Kisha nikasahau, maana mtoto husahau, na nilipokuja kukumbuka bibi hakuwepo tena wa kuulizwa.

Basi jioni ile nikamuuliza baba. Akasema ni jina tu. Nikamwambia jina la mtoto halitoki hewani, na kwamba fundi wa mawe anaanza kuchonga kesho asubuhi, sitaki tuchonge uongo. Baba huniita "mama", kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Jioni ile aliniita Agnesi. "Andika watoto watano, Agnesi, wa kwanza mimi. Unafukua nini wewe?" Akakata simu. Hakuwahi kunikatia simu tangu nizaliwe.

Hayo ndiyo niliyolala nayo.

Nikajiona niko dukani. Ilikuwa mchana, mashine ya kopi inanguruma. Nilikuwa nimeilaza ile karatasi ya ukoo juu ya kioo, lakini kila kopi iliyotoka ilikuwa imelowa mstari wa juu kabisa, wino umetawanyika, husomi kitu. Najaribu tena. Imelowa. Nabadilisha karatasi. Imelowa. Hasira zikanipanda, nikaizaba mashine kofi la ubavuni, na nilipogeuka nikaona kuna mtu amesimama upande wa wateja.

Ni bibi. Miguu mitupu, kitenge chake kimelowa kuanzia pindo hadi magotini. Sikushtuka hata kidogo. Nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba atanichafulia sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Karatasi yako imelowa, wajina," anasema.

Nataka kumwambia mashine ndiyo mbovu, lakini kaunta haipo. Tuko jikoni kwake kule kijijini, lile jiko la pembeni lenye moshi uliokuwa ukitutoa machozi sote. Nje, juu ya mkeka, maua ya pareto yameanikwa, naisikia harufu yake hadi kooni. Na babu yupo. Ameketi kwenye kigoda, amevaa lile koti refu tulilomzika nalo, amelifunga vifungo vyote kama mtu anayesubiri safari.

Ananikagua juu mpaka chini. "Mke wangu mdogo," anasema, "huko mjini wanakulisha nini? Umejaa mlango."

Nikacheka. Nilicheka kweli, na kicheko kikaniuma kifuani, kwa sababu tangu tumzike hakuna mtu mwingine aliyenitania hivyo, na sikujua kwamba nilikuwa nimeukosa utani ule kiasi kile. Babu hacheki. Ameshageuza uso kuelekea bondeni, kule uliko mto, na anaita kwa sauti ileile niliyoisikia kila siku ya utoto wangu.

"Mama Raheli!"

Bibi yuko ubavuni pake, angeweza kumgusa kwa kiwiko. Haitiki. Anayeitika yuko mbali, chini kabisa, sauti nyembamba ya mtoto wa kike.

"Abee!"

Babu anaita tena. Inaitika tena, kutoka palepale, haisogei. Nikaelewa hapo kwamba miaka yote ile mzee hakuwa akimwita mkewe peke yake. Alikuwa akimwita na mtoto. Asubuhi akitaka chai, jioni akitaka maji ya kuoga, alimwita mtoto wake mbele yetu sote, na sisi tulikuwa tunakula viazi. Niliona aibu, na nilihuzunika kuliko siku tuliyomzika.

Nikamgeukia bibi nimuulize. Miguuni pake kibuyu cha maji kimelala ubavu, maji yote yamemwagika, udongo unayanywa. Nyuma yake amesimama mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi, shati limemlowa tumboni, ameshika sikio lake la kushoto. Ni baba. Ningemjua popote. Mpaka leo, na mvi zake, akishindwa na neno hushika sikio hilohilo. Analia bila sauti, mdomo wazi.

Bibi hamgombezi. Anainama, anaokota kibuyu, anakipangusa kwa pindo la kitenge, ananikabidhi mimi. Ni kitupu, lakini kinanilemea mikono. Kule bondeni mto umeanza kuvuma. Mvua haipo, jua linawaka juu ya pareto, ila mto unavuma na kuzidi kuvuma.

"Nimfuate, bibi?"

Anatikisa kichwa. Kisha ananishika kidevu, kama alivyokuwa akinishika akinituma dukani na hataki nisahau kitu.

"Mwambie Yona ni mimi niliyemtuma Raheli," anasema. "Si yeye."

Ana mengine ya kusema, nayaona usoni pake, lakini hayasemi. Anakwenda kuketi mlangoni, anaitazama njia ya mtoni. Babu anasogeza kigoda, anaketi karibu naye. Nami nimesimama nyuma yao na kibuyu changu, naitazama njia, nikijua kwamba hakuna atakayepanda, na wao wanajua, na hawaondoki.

Niliamka nimeikumbatia kona ya blanketi, soksi miguuni, mto umelowa machozi. Kulikuwa kunapambazuka. Baba huamka saa hizo kukamua ng'ombe wake, kwa hiyo nikampigia kabla woga haujanirudia.

Alipokea. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo. Nikaomba radhi kwa ya jana, kisha nikamsimulia yote bila kuruka kitu: mashine, koti, sauti bondeni. Nilipofika kwenye kibuyu, maziwa yakaacha kugonga ndoo.

"Bibi kanipa maneno nikupe," nikasema. "Amesema ni yeye aliyemtuma Raheli. Si wewe."

Nilisikia akiiweka ndoo kando.

"Nilikuwa nacheza," akasema. Sauti haikuwa ya mzee ninayemjua. "Nikayamwaga maji yote. Mama alipoingia akakuta kibuyu kitupu, nikanyamaza, nikaogopa fimbo. Akadhani yameisha tu. Akamtuma dada. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, mto umejaa. Walitafuta siku nyingi, wakapata kibuyu peke yake." Akavuta pumzi. "Hana kaburi. Baba alikataza habari zake zisisimuliwe kwa watoto, likabaki jina tu, akimwita mama kwalo. Na mimi kila akiita, nilikuwa nasikia maji yale. Sijamwambia mtu. Hata mama sikumwambia."

"Alijua, baba."

"Inaelekea alijua."

Nikamuuliza nimpelekee fundi maneno gani. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

"Watoto sita," akasema. "Raheli kwanza. Mimi wa pili."

Nikaandika. Nilipomaliza nilimsikia bado yupo, anahema. Ng'ombe akalia mahali karibu naye.

"Mama," akaniita, na sijui kati ya sisi wawili wenye jina hilo alikuwa akimwita nani. "Hebu rudia yale maneno."

Nikayarudia, polepole, na safari hii sikusema kwamba ni mtu kanituma.

"Ni mimi niliyemtuma, Yona," nikasema. "Si wewe."